Kompyuta ndogo iliyokataliwa na Windows 11: uiwekee mfumo gani?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10, wenye steshenari, walimu wa maabara za kompyuta na familia zenye kompyuta moja sebuleni wanaulizana jambo lile lile. Wana HP EliteDesk 800 G2 Mini, au Dell OptiPlex 7040 Micro, au Lenovo ThinkCentre M700 Tiny. Mashine ni nzima, haipigi kelele, inajificha nyuma ya monita. Lakini ukiipima kwa Windows 11 inajibu kwamba haifai.

Vijisanduku hivi ni vingi kwetu kwa sababu maofisi ya nje huvitoa kwa mafungu baada ya miaka michache, na wafanyabiashara wa mitumba ya elektroniki huvishusha Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Prosesa ya i5-6500T, ambayo utaikuta ndani ya vingi kati ya hivyo, ilitoka mwaka 2015. Ina viini vinne na kikomo cha wati 35. Kwa kuandika barua, kujaza fomu za serikali mtandaoni, kuchapa na kupiga hesabu za duka, bado inamudu bila kuhema. Kuitupa kwa sababu ya orodha ya Microsoft ni hasara, na mwenye duka dogo hana hela ya hasara ya namna hiyo.

Njia ziko nne: kuiwekea Windows 11 kwa kuruka masharti, kubaki na Windows 10 kwa masasisho ya nyongeza, kuhamia Linux Mint (mfumo wa bure usio wa Microsoft), au kuiwekea ChromeOS Flex, mfumo wa Google unaotegemea kivinjari. Msimamo wangu nautanguliza: usichague kwa kutazama usakinishaji. Kusakinisha yoyote kati ya hizi ni kazi ya mchana mmoja, na fundi wa mtaani anaiweza. Tazama mwakani. Nani atakuwa anaisasisha, kwa bando la nani, na mteja atakuja na faili la programu gani?

Soma namba ya prosesa kwanza

Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi. i5-4590T ni kizazi cha nne, i5-6500T cha sita, i5-7500T cha saba, i5-8500T cha nane. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chache mno za cha saba, na za AMD kuanzia Ryzen 2000. Inataka pia chipu ya usalama ya TPM 2.0, uwashaji wa kisasa wa UEFI unaoweza kutumia Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), ram ya GB 4 na diski ya GB 64.

Kwa majina ya masanduku, OptiPlex 3060 na 7060 Micro, EliteDesk 800 G4 Mini, ThinkCentre M720q na M920q ziko upande wa waliokubaliwa. Zile za hatua moja nyuma, yaani OptiPlex 3050 na 7050, EliteDesk 800 G3, ThinkCentre M710q na M910q, zinakataliwa pamoja na za kizazi cha sita, ingawa kwa macho huwezi kuzitofautisha na wadogo zao. Baadhi ya mashine za kizazi cha sita zilikuja na TPM 1.2 ambayo watengenezaji walitoa programu ya kuipandisha hadi 2.0. Ni vizuri kuipandisha, lakini prosesa itabaki nje ya orodha.

Liko kundi moja ambalo halina ujanja wowote kwa upande wa Windows 11: kompyuta za Core 2 Duo kama HP Compaq 8000 Elite na OptiPlex 780. Toleo la 24H2, la Oktoba 2024, linatumia maagizo ya prosesa yaitwayo SSE4.2 na POPCNT. Core 2 Duo haina maagizo hayo, na mfumo hauwaki kabisa. Fundi akikuahidi kwamba ataiwekea Windows 11 ya sasa, mwache aende zake.

Windows 11 kwa kuruka masharti

Chombo kinachotumika zaidi ni Rufus, programu ndogo ya bure ya kutengeneza flashi ya kusakinishia. Unapakua faili la Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, unalichagua ndani ya Rufus, na ukibonyeza kuanza kinatokea kidirisha chenye visanduku vya kuwekea tiki. Kimoja kinaondoa masharti ya ram ya GB 4, Secure Boot na TPM 2.0. Kingine kinaondoa lazima ya akaunti ya Microsoft. Kingine kinatengeneza akaunti ya ndani kwa jina utakalo, na kimoja kinazuia BitLocker isijiwashe yenyewe.

Hicho cha mwisho usikipite. BitLocker huifunga diski nzima kwa ufunguo wa siri. Kwa mashine ya ofisi yenye siri za watu ni ulinzi mzuri. Kwa kompyuta ya duka ambayo hakuna aliyeandika ule ufunguo pembeni, ni mtego. Siku betri ya ubao mama ikiisha au fundi akigusa mpangilio wa TPM, skrini ya bluu itadai tarakimu 48 za kuufungulia, na usipokuwa nazo nyaraka zote zimeondoka. Ama iache imezimwa, ama uandike ufunguo kwenye karatasi na kuutunza na hati za biashara.

Kinachofanywa na Rufus nyuma ya pazia si uchawi. Anaongeza maandishi machache kwenye rejista ya Windows, chini ya LabConfig: BypassTPMCheck, BypassSecureBootCheck na BypassRAMCheck. Mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kuyaandika mwenyewe katikati ya usakinishaji kwa kubonyeza Shift na F10 na kufungua regedit, kihariri cha rejista hiyo.

Baada ya hapo kompyuta inafanya kazi kama Windows 11 nyingine yoyote, na masasisho ya usalama ya kila mwezi kwa kawaida yanaingia. Kwa kawaida, nasema, kwa sababu Microsoft haiahidi; msimamo wake ni kwamba mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kuyapata. Mwezi Agosti 2021 ilieleza pia kwamba kompyuta za namna hiyo zilizoshiriki majaribio ziligoma kwenye kiini cha mfumo kwa asilimia 52 zaidi ya zilizotimiza. Takwimu hiyo inajumlisha mashine za kila aina, zikiwemo zenye madraiva yaliyochoka. Kijisanduku cha ofisini chenye chipu za picha na mtandao za Intel kina hali nzuri kuliko wastani huo, lakini onyo si la kupuuza.

Shida kubwa iko kwenye matoleo ya kila mwaka. Kila toleo la Windows 11 Home na Pro huhudumiwa kwa miezi 24. Toleo la 24H2 linafikia mwisho tarehe 13 Oktoba 2026, na 25H2 tarehe 12 Oktoba 2027. Kompyuta inayokubalika hupelekewa toleo jipya yenyewe. Iliyorukishwa masharti haipelekewi: lazima mtu apakue faili jipya, zaidi ya GB 5, atengeneze flashi upya, afungue setup ndani ya Windows na kuchagua kubakiza mafaili na programu. Rufus kuanzia toleo 4.6 anaruhusu kupandisha kwa njia hiyo bila kufuta kitu. Kazi yenyewe si ngumu. Ngumu ni kukumbuka, kwa sababu kompyuta inaendelea kuwaka na kuchapa vizuri kabisa huku masasisho yamekatika, na mwenyewe haoni tofauti. Usipompata mtu wa kuifanya kazi hiyo kila mwaka, baada ya miaka miwili utakuwa umerudi pale pale ulipokuwa na Windows 10.

Mambo ya nguvu sasa. Microsoft ina ulinzi uitwao uthabiti wa kumbukumbu, ambao prosesa za kizazi cha saba na kuendelea zinausaidia moja kwa moja ndani ya chipu. Kizazi cha sita kurudi nyuma kinauiga kwa programu, na mashine inakuwa nzito. Kwenye i5-6500T ukiuwasha utausikia. Weka ram ya GB 8 angalau, na SSD bila mjadala. Windows 11 kwenye diski ya kuzunguka ni mateso hata kwa prosesa iliyokubaliwa. Ukinunua ram, fungua sanduku uangalie: baadhi ya vijisanduku vya miaka hii vinatumia DDR3L ya laptop na vingine DDR4, na haziingiliani.

Leseni ni habari njema kwa wengi. Kompyuta za maofisi mara nyingi zina ufunguo halali wa Windows ndani ya ubao mama, na leseni halali ya Windows 10 Pro inatosha kwa Windows 11 Pro. Angalizo: tangu Septemba 2023 funguo za zama za Windows 7 na 8 hazikubaliwi tena kwa usakinishaji mpya. Kwa hiyo mashine ya kizazi cha nne yenye stika ya Windows 7 isikupe matumaini ya bure. Na kama muuzaji aliiwezesha Windows kwa programu ya kuvunja leseni, ifute diski yote kabla ya kuweka nenosiri lolote la benki au la simu ndani yake. Programu hizo hupewa ruhusa zote za kompyuta, na hujui aliyeziandika alitaka nini.

Kubaki na Windows 10

Hii ndiyo njia inayodharauliwa bila sababu. Microsoft inatoa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama ya nyongeza kwa watumiaji wa kawaida, hadi 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha ndani ya mipangilio ya Windows Update kwa moja ya njia tatu: kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kulipa dola 30. Leseni moja inafaa kwa kompyuta hadi 10 za akaunti hiyo hiyo. Kompyuta iwe na Windows 10 toleo la 22H2, na isiwe imeunganishwa kwenye mtandao wa kikoa wa kampuni. Taasisi zina mpango wao, unaoanzia dola 61 kwa kila kompyuta na kupanda mara mbili kila mwaka.

Hakuna cha kusakinisha, hakuna programu ya kupoteza, hakuna GB 5 za kupakua. Kama una msimu wa mitihani, au mauzo yako yanategemea programu moja usiyojua itafanyaje ukihama, chukua muda huu uhame kwa utulivu. Baada ya tarehe hiyo, kukaa nayo mtandaoni ni kuacha mlango wazi. Kivinjari cha Edge kitaendelea kusasishwa juu ya Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini kivinjari kipya juu ya mfumo wenye matundu hakitoshi kwa kompyuta inayopokea flashi za kila mpita njia.

Linux Mint

Mint ya mfululizo wa 22, iliyoanza Julai 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine, na itahudumiwa hadi 2029. Haiulizi kizazi cha prosesa wala TPM. Mahitaji yake ni ram ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inayopendekezwa, na diski ya GB 20. Kwenye i5-6500T yenye SSD na GB 8 inateleza. Faili lake la kupakua ni karibu GB 3. Ndani unakuta LibreOffice (programu za ofisi) na kivinjari cha Firefox tayari, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuanza kuandika siku hiyo hiyo bila kupakua kingine.

Uzuri wake mkubwa kwa mtu anayesita ni kwamba unaijaribu kabla ya kugusa diski. Washa kompyuta kwa flashi, na Mint inafunguka nzima kutoka humo. Hapo ndipo pa kupima kila kitu: sauti inatoka? Monita inaonyesha ukubwa wake kamili? Printa inachapa? Wi-Fi inaonekana? Vijisanduku vingi vya ofisini vilikuja bila kadi ya Wi-Fi, na watu huvichomekea kidude cha USB chenye chipu ya Realtek. Vingine Mint inavijua papo hapo, vingine havitambui. Simu ya Android ikichomekwa kwa waya na kushirikisha intaneti inakubalika mara moja, kwa hiyo hutakwama kabisa, ila kwa maabara ya shule tafuta waya wa mtandao au kadi ya Wi-Fi ya Intel.

Kwa printa, iliyounganishwa kwenye mtandao na ya miaka ya karibuni kwa kawaida inajiweka yenyewe. Epson za matangi ya wino, ambazo ziko karibu kila steshenari, zina draiva za Linux kutoka Epson. HP LaserJet P1102, ile ndogo isiyokufa, inahitaji kiongezi cha ziada cha HP kinachopakuliwa mara ya kwanza; kiandae ukiwa na intaneti, usingoje siku ambayo mteja amesimama dirishani.

Matengenezo ndiyo yanayonifanya niipende. Msimamizi wa Masasisho anakuonyesha kilichopo na kukuachia uamuzi wa lini kishushwe, jambo la thamani kwa anayetumia bando la siku. Matoleo madogo ndani ya mfululizo huo huo unayapanda kwa kubonyeza mara chache. Timeshift, ukiipangia ratiba, hupiga nakala ya mfumo, na ukiharibu unarudi nyuma. Na virusi vile vya flashi vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato haviwezi kujiendesha kwenye Linux; steshenari inayopokea flashi asubuhi hadi jioni itaona nafuu hiyo wiki ya kwanza.

Sasa upande mgumu. Publisher haipo, CorelDRAW haipo, Photoshop haipo, na programu nyingi za hesabu za dukani hazipo. Mteja akileta kadi ya harusi iliyoandaliwa kwa Publisher, LibreOffice inaweza kuifungua lakini mpangilio utahama, na kwenye kadi ya harusi mpangilio ndio kazi yenyewe. Mtu wa Kenya anayejaza ritani ya iTax (mfumo wa kodi wa mtandaoni) kwa fomu ya Excel yenye makro aijaribu mapema kabla ya siku ya mwisho. Nyaraka za Word za kawaida hufunguka vizuri. Zenye majedwali mengi na fonti za Microsoft hucheza kidogo. Kwa kazi ya kuchapa, mwombe mteja PDF.

Na pakua kutoka tovuti rasmi, kisha ulinganishe alama ya uhakiki ya faili. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuelekeza watu kwenye faili lililotiwa sumu. 

Tuliwahi kuwa na juhudi yetu wenyewe katika njia hii: mradi wa KiLinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Inaniuma kwamba juhudi hiyo haikuendelea kwa kasi ile, maana mwanafunzi wa leo angeikuta maabarani kama kitu cha kawaida.

ChromeOS Flex

Google iliinunua kampuni ya Neverware mwaka 2020 na kutoka kwenye kazi yake ikatoa Flex, iliyokamilika Julai 2022. Inataka prosesa ya biti 64, ram ya GB 4 na diski ya GB 16, na Google ina orodha ya kompyuta ilizozithibitisha, kila moja na mwaka wake wa mwisho. Tafuta yako humo kabla ya yote.

Ni nyepesi kweli, inajisasisha yenyewe na ni vigumu mwanafunzi kuiharibu. Mahali penye intaneti ya waya isiyokatika na kazi zote ziko ndani ya kivinjari, ni raha. Lakini haina programu za Android, tofauti na Chromebook za dukani, na wengi huiweka kwa matumaini hayo. Inafuta diski yote, haikai pamoja na Windows. Bando likiisha, kinachobaki ni kidogo. Printa ya USB ya zamani inaweza kukukatalia. Mimi siipendekezi kwa steshenari hata moja.

Kwa kutazama mara moja

| | Windows 11 ya kuruka masharti | Windows 10 na nyongeza | Linux Mint 22 | ChromeOS Flex |
|---|---|---|---|---|
| Hadi lini | Miezi 24 kwa kila toleo la Home na Pro, kisha upandishe kwa mkono | 13 Oktoba 2026 | 2029 | Kwa mujibu wa orodha ya Google |
| Ya kupakua mwanzoni | Zaidi ya GB 5 | Hakuna | Karibu GB 3 | Zaidi kidogo ya GB 1 |
| Publisher, CorelDRAW | Ndiyo | Ndiyo | Hapana | Hapana |
| Bila intaneti | Kazi zote | Kazi zote | Kazi zote | Kidogo |
| Core 2 Duo | Hapana | Ndiyo, taratibu | Ndiyo, toleo jepesi la Xfce | Usijaribu |

Nani achukue nini

Steshenari inayoishi kwa kadi, mabango na Publisher: Windows 11 kwa kuruka masharti, na muafikiane kabisa na fundi kwamba kila Oktoba atakuja kuangalia toleo. Mlipe kwa kazi hiyo kama unavyolipia wino. Jua pia kwamba Microsoft imetangaza kuacha kuihudumia Publisher Oktoba 2026, kwa hiyo kazi zako za zamani zianze kugeuzwa PDF tangu sasa. Kama una kompyuta mbili, ya pili iwekee Mint iwe ndiyo inayopokea flashi za wateja. Virusi vingi vya flashi vitaishia hapo.

Shule yenye vijisanduku kumi na mwalimu mmoja wa kompyuta: Mint, bila kusita. Kupandisha Windows kumi kwa mkono kila mwaka ni mzigo usioisha, na mwalimu akihamishwa kazi hiyo inakufa naye. Andaa moja vizuri, itengenezee nakala, kisha uisambaze kwa nyingine. Ile hofu kwamba watoto "hawatajua Word" haina uzito mkubwa: anayejua kupanga aya, jedwali na hesabu ndani ya LibreOffice hukaa mbele ya Word akaendelea.

Nyumbani, kama matumizi ni YouTube, barua pepe na kazi za shule za watoto, Mint pia. Kama mmoja wenu anasoma kozi inayotaja programu ya Windows kwa jina, msimsumbue. Mwekeeni Windows 11. Unaweza kuweka zote mbili kwenye diski moja, mradi Windows itangulie na Mint ifuate.

Wapo wanaouliza kuhusu macOS juu ya visanduku hivi. Inawezekana kwa ufundi mwingi, lakini leseni ya Apple inairuhusu kwenye mashine za Apple tu, na macOS Tahoe ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kwa prosesa za Intel. Sioni sababu ya kuanza safari hiyo sasa.

Kabla ya kulipa au kufuta chochote

Ukiwa bado kwa muuzaji, washa mashine na uingie kwenye mipangilio ya ubao mama: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache hapo hapo. Kampuni iliyoimiliki iliifunga, na hutaweza kuiwasha kwa flashi wala kubadilisha chochote.

Kisha omba Windows iwashwe ikiwa mpya na imeunganishwa na intaneti. Kompyuta iliyosajiliwa kwenye mpango wa kampuni uitwao Autopilot itaonyesha jina la kampuni hiyo na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Usajili uko kwenye seva za Microsoft, kwa hiyo kufuta diski hakuuondoi. Mwenye kuufuta ni kampuni yenyewe. Mint haijali jambo hili, lakini ukiona hivyo jiulize mashine imetokaje ilikotoka.

Tazama saa iliyo pembeni ya skrini. Ikisoma mwaka wa nyuma sana, betri ndogo ya CR2032 imekufa. Dalili yake huwachanganya wengi: umesakinisha vizuri, intaneti ipo, lakini kila tovuti inasema muunganisho si salama na masasisho yanagoma. Kompyuta inaamini iko 2016, na vyeti vya tovuti vya leo inaviona kama vya siku zijazo. Watu hupiga Windows upya mara kadhaa kwa tatizo hili. Betri hiyo inauzwa hata kwa wauza saa. Ibadilishe kabla ya kuanza, kisha urekebishe tarehe.

Angalia sehemu ya monita. Nyingi za ofisini zina DisplayPort bila HDMI, na adapta yake huenda usiipate usiku ukiwa katikati ya kazi. Angalia chaja iwe ya mashine yenyewe. Na kwa kuwa kijisanduku hakina betri kama laptop, tafuta hata UPS ndogo: umeme ukikatika Windows ikiwa katikati ya kupandisha toleo, utaanza upya na GB 5 nyingine.

Mwisho, kama bado hujanunua, usinunue ya kizazi cha sita au cha saba leo kwa sababu tu ni rahisi kidogo, isipokuwa umeshaamua ni ya Mint. Ulizia OptiPlex 3060, 800 G4 au M720q, soma i5-8500T kwenye skrini kwa macho yako mwenyewe badala ya stika, na tofauti ya bei uipime dhidi ya malipo ya fundi ya kila Oktoba.